UZI: Kruza ya kuendeshea ufukweni – kabla hujapenda rangi, nenda dukani na sumaku

Chumvi_Kavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Karibu kila wiki mtu ananisimamisha kuuliza baiskeli gani inafaa kuendeshea kandokando ya bahari. Nimejibu mmoja mmoja mpaka sauti imekauka, leo naweka yote hapa. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka ashuke moja kwa moja hadi kwenye sumaku.

Kruza mnazijua: fremu yenye mikunjo mirefu, usukani mpana uliorudi nyuma kumfuata mwendeshaji, kiti kinene chenye springi, tairi nene. Unakaa wima kama uko barazani unapunga upepo. Picha zake zote zimepigwa ufukweni, kwa hiyo watu wanadhani ilizaliwa huko. Haikuzaliwa huko. Tairi ile nene ya puto, inchi 26 kwa 2.125, iliingizwa sokoni Marekani na kampuni ya Schwinn mwaka 1933, baada ya Frank Schwinn kuziona tairi za namna hiyo Ulaya. Na Schwinn walikuwa Chicago. Chicago ina ziwa, tena kubwa, lakini ni la maji matamu. Sasa wewe unaichukua baiskeli ya maji matamu unaipeleka kwenye chumvi, halafu unashangaa kutu.

Kruza yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Rangi ya samawati, madigadi yanang'aa, ringi zinang'aa, unajitazama humo ukachana nywele. Mwezi wa nne spoki zikaanza kuota vidoa vya kahawia pale zinapoingia kwenye ringi. Mwezi wa saba nikataka kuinua kiti kidogo ili mgeni aijaribu. Kiti hakikwenda juu wala chini. Fundi akalegeza nati, akamimina mafuta, akageuza baiskeli miguu juu, akaubana mti wa kiti (lile bomba linaloshikilia kiti) kwenye jiriwa na kuizungusha fremu nzima kama usukani wa lori. Wapi! Mwishowe akaukata kwa msumeno, akabaki anachokonoa vipande ndani ya bomba kwa saa mbili.

Kilichotokea ni hiki: mti wa kiti ulikuwa wa alumini, fremu ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana halafu katikati kukaingia maji ya chumvi, umetengeneza betri. Alumini ndiyo inayoliwa, na ule unga mweupe unaotoka unavimba na kujaza nafasi yote. Grisi ya kijiko kimoja siku ya kwanza ingenitosha. Kwa hiyo ukishanunua, usiku huohuo chomoa mti wa kiti, upake grisi, rudisha. Kila baada ya mwezi au miwili rudia.

Haya, SUMAKU. Chukua hata ile ya kwenye mlango wa friji. Ukifika dukani usitazame fremu kwanza, gusisha sumaku kwenye spoki. Spoki ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi ya kung'aa inainasa sumaku papo hapo. Ya chuma cha pua haiishiki, au inaivuta kwa mbali tu. Kisha ringi: ya alumini haishiki kabisa. Kisha bolti za usukani, za kiti, za madigadi. Kila panaponasa, weka alama kichwani kwamba hapo utapigana na kutu. Si lazima zote ziwe safi, maana bei nayo ina mdomo wake, lakini kwenye spoki na ringi usilegeze kamba.

Fremu? Nikiwa na uwezo nachukua alumini. Haioti kutu nyekundu na uzito unapungua kidogo, ingawa kruza ni kruza, nyingi zinacheza kilo 15 hadi 20. Ya chuma nayo si dhambi. Chuma kinakufa kuanzia ndani, pale maji yanapotuama karibu na ekseli ya pedali, kwa hiyo tafuta kama ina kitundu cha kutolea maji chini na mwambie fundi apulizie mafuta mazito ndani ya mabomba kabla hujaanza kuiendesha.

Kanuni yangu ya pili: vitu vichache. Kila waya, kila kigurudumu kidogo kinachoning'inia nje ni mahali pa mchanga kukaa. Mchanga ukichanganyika na mafuta ya mnyororo unakuwa dawa ya kusagia, unakula meno ya spoketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, mchana na usiku. Mimi sasa natumia gia moja, breki ya kurudisha pedali nyuma, mnyororo uliopakwa nikeli. Basi.

Karibuni mnirekebishe.

---

Upepo_wa_Saa_Tisa

Mkuu uzi mzuri, ila hiyo gia moja unawauzia watu mbuzi kwenye gunia.

Kandokando ya bahari hakuna vilima, sawa, lakini kuna upepo. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inapanda, ya baharini inakuja kujaza. Alasiri ndiyo unakuta unavuma kwelikweli. Na kruza inakukalisha wima, kifua wazi, wewe mwenyewe ni tanga!

Tupige hesabu. Unaenda kilomita 15 kwa saa, upepo wa kilomita 15 unakupiga usoni. Mwili wako unaona upepo wa 30. Nguvu ya hewa haiongezeki mara mbili hapo, inaongezeka mara nne. Kruza nyingi za gia moja zina meno 44 mbele na 18 nyuma. Kwa gurudumu la inchi 26, pedali ikizunguka mara moja umesogea kama mita 5. Mita 5 dhidi ya upepo ule, na kilo 18 chini yako, magoti yatakusimulia usiku.

Suluhisho ni habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ya gia tatu za ndani. Hakuna kigurudumu kinachoning'inia nje, gia zote ziko ndani ya habu zimefungwa na grisi yake. Si teknolojia ya juzi, kampuni ya Sturmey-Archer ya Uingereza walianza nazo mwaka 1902. Kwa habu ya Shimano ya gia tatu, gia ndogo inapunguza mwendo hadi 0.73, kwa hiyo zile mita 5 zinakuwa kama 3.7. Ya tatu inakupa karibu 6.9 ukirudi na upepo mgongoni.

Na ukitoka, anza kwa kuukabili upepo wakati una nguvu. Wengi wanaondoka wakisukumwa, wanajiona mabingwa, kurudi wanakokota baiskeli.

---

Chumvi_Kavu

> mbuzi kwenye gunia

Hahaha, napokea. Sibishi kuhusu gia tatu, wala sizichukii. Ila mwenye gia moja ana njia ya bei ndogo: badilisha spoketi ya nyuma tu, weka ya meno 22 badala ya 18. Mzunguko unashuka hadi mita 4 na kidogo. Utaonekana unapiga pedali kwa haraka, hutashinda mbio, lakini nani anafanya mbio kwa kruza?

---

Spana_13

Mimi ni fundi, nimezifungua nyingi, niseme mawili.

La kwanza, BREKI. Hiyo ya kurudisha pedali nyuma naipenda ufukweni, haina waya wa kushika kutu, haijali ringi ikiloa. Ringi za chuma zinazong'aa zikiloa, breki za mpira juu yake ni kama kushika sabuni, na wanaoendesha karibu na maji wanaloa kila siku. Hadi hapo niko na mleta uzi.

Lakini mwangalieni mnyororo. Breki hiyo inategemea mnyororo. Mnyororo ukikatika au ukitoka kwenye meno, unarudisha pedali nyuma na hakuna kinachotokea. HAKUNA. Mnyororo wenye kutu, mlegevu, uliojaa mchanga ndio unaotoka. Kwa hiyo yeyote anayekuja kwangu na kruza ya breki moja namwambia aongeze ya mbele. Anayekataa ananijibu "mimi naenda polepole". Mtoto anayekatiza mbele yako akifukuza mpira hajui kama unaenda polepole.

Kuna kile kimkono cha chuma upande wa kushoto wa habu ya nyuma, kimefungwa kwenye fremu kwa kibano na bolti moja. Kikilegea, ukifunga breki habu inataka kuzunguka nacho. Kibano ni kidogo, kinakula kutu haraka, na ni cha kukagua kwa vidole kila wiki.

Na msiitumie kushuka mlima mrefu. Mwaka 1976 kule Marin, kaskazini mwa San Francisco, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa kruza kuukuu za namna hii. Habu zilipata moto hadi grisi ikaungua ikatoka moshi, wakifika chini lazima wafungue wapake grisi upya. Njia yenyewe ikabaki na jina la Repack kwa sababu hiyo. Ndio haohao waliotuletea baiskeli za milimani. Fungu lenu nyinyi ni daraja na ngazi za gati, lakini mtu asije kusema hatukumwambia.

La pili, TAIRI. "Inchi 26" si kipimo kimoja. Kuna 26 kwa 2.125 na kuna 26 kwa 1 3/8, na hazibadilishani hata kwa dua. Soma maandishi madogo ubavuni mwa tairi: ya kwanza imeandikwa 559, ya pili 590. Hiyo ni kipenyo cha ringi kwa milimita. Kuna watu wamefunga safari na tairi mpya begani wakarudi nayo vilevile. Kruza za kawaida ni 559, ambayo ni nzuri kwako kwa sababu tairi za baiskeli za milimani za zamani zinaingia.

---

Bi_Kapu

Wanangu mmeongea vyuma hadi mmesahau anayekaa juu yake.

Mimi nimevuka hamsini na goti moja lina maneno. Nilichagua fremu iliyoshuka katikati, ile ya kupitisha mguu bila kuurusha nyuma kama mpanda farasi. Vijana wa dukani waliiita ya kike. Niliwaambia mkiwa na kapu limejaa nyuma na taulo begani, mtajua ni ya nani.

Kimo cha kiti hawakupimii vizuri. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukihamia kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, goti linapinda kidogo, hapo pametosha. Tatizo ni kwamba ukikipandisha kiti hivyo, ukisimama miguu haigusi chini vizuri, na watu wazima tunaogopa kuanguka. Basi wakikishusha kiti ili wafike chini, magoti yanagusa kidevu. Kuna fremu zilizolitatua hili kwa kusogeza pedali mbele ya kiti. Electra wanajulikana kwa hizo, ile Townie yao, lakini siku hizi na wengine wanazo. Unakaa, unyayo wote uko chini, na ukiendesha mguu unanyooka. Ubaya wake ni kwamba kusimama juu ya pedali ili kusukuma kwa nguvu ni shida. Mimi sisimami, kwa hiyo sina deni.

Kiti kikubwa ni kitamu kwa nusu saa. Kikiwa kipana mno mbele kinasugua mapaja, na ukiwa na chumvi na mchanga mwilini utalia. Pana nyuma, chembamba mbele.

Halafu kapu. Kapu la mbele lililofungwa kwenye usukani ukilijaza linaugeuza usukani wenyewe ukisimama. Mzigo mzito weka kwenye keria ya nyuma, mbele weka kofia na miwani.

---

Nyayo_Mchangani

Shikamoo Bi Kapu.

Wakuu mimi nataka kupita JUU ya mchanga wenyewe, si njia ya lami pembeni. Kruza itaweza au nitafute zile zenye tairi za inchi 4?

---

Bi_Kapu

Marahaba mwanangu. Hilo waulize wenye vyuma.

---

Chumvi_Kavu

Inategemea mchanga upi, na saa ngapi.

Mchanga mkavu wa juu, ule unaozamisha kisigino, kruza haiwezi. Tairi ya mbele inazama, usukani unajigeuza wenyewe, unalala ubavu huku watu wanapiga picha. Huo ni wa tairi za inchi 4, zinazojazwa upepo mdogo sana, paundi 5 hadi 10 hivi, ili zitandazike. Baiskeli ya Pugsley ya kampuni ya Surly ndiyo iliyozifungulia njia mwaka 2005, na zilitengenezwa kwa theluji pia. Ni nzito kwenye lami na zinavuma kama nyuki. Kama kila siku uko mchangani, haya, kama ni mara moja moja, hapana.

Mchanga uliolowa ukashindiliwa ni habari nyingine. Maji yakipwa yanaacha ukanda mgumu, wa kijivu, ukikanyaga unyayo unaacha alama bila kuzama. Hapo kruza ya inchi 2.125 inapita kama kwenye lami mbovu. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapwa mbali na ukanda unakuwa mpana ajabu. Tazama saa za maji kabla hujatoka, na ujue yanarudi. Nilishawahi kujisahau, nikarudi nimeibeba baiskeli mabegani.

Upepo wa tairi: barabarani nina paundi 40 hivi. Nikishuka mchangani natoa hadi 20 na kitu, nikirudi najaza. Kwa hiyo pampu ndogo inakaa kwenye keria daima. Usishuke chini zaidi ya hapo kwa tairi hizi, ukigonga jiwe tyubu inabanwa na ringi unapata pancha ya matundu mawili.

Na USIPITE kwenye povu la mawimbi. Najua picha inapendeza. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 kama ilivyo kawaida, na yakiingia kwenye gololi za magurudumu maji yatakauka ila chumvi itabaki. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo hata baiskeli ikiwa ndani ya nyumba, kutu inaendelea kula.

---

Gololi_Moja

Kuosha je? Mimi napiga na mashine ya presha, dakika mbili imetakata.

---

Spana_13

Wewe ndiye unayenilipia kodi ya nyumba, endelea.

Presha inasukuma chumvi na mchanga kupita mihuri hadi kwenye gololi. Tumia ndoo, maji ya bomba, kitambaa. Mimina kutoka juu, kama unavyomwagilia miche. Kausha. Mnyororo ukikauka tia tone moja la mafuta ya mnyororo kwa kila kiungo, zungusha pedali, kisha FUTA ya nje yote. Mafuta yanayohitajika yako ndani ya viungo, ya nje ni gundi ya mchanga. Yale ya kopo ya kupulizia ya kuondolea kutu si ya kulainisha mnyororo, yanakauka upesi, yaacheni kwenye nati zilizoganda.

Mnyororo wa kruza ya gia moja ni nusu inchi kwa moja ya nane, ni rahisi kupatikana. Ukichakaa badilisha mapema, usingoje ule na spoketi.

---

Mgeni_wa_Pedali

Wakuu nimesoma uzi wote jana usiku, leo nimeenda dukani na sumaku ya mlango wa friji. Ripoti:

Niliyokuwa nimeipenda kwenye picha, nyekundu, ina taa ya mbele ya mviringo kama pikipiki ya zamani: sumaku ilirukia spoki kabla sijaifikisha. Ringi, imenasa. Usukani, imenasa. Nikaiacha hapo inaning'inia. Muuzaji akacheka kwanza, kisha akaniazima mkono, akaanza kuzipima zote, maana naye hakuwa anajua.

Ya pembeni yake ya kijani kibichi iliyofifia, haina madoido, fremu ya alumini. Spoki haikushika, ringi haikushika, bolti za kiti zimenasa. Gia tatu za ndani, breki ya pedali. Kisigino kimefika chini, goti limenyooka. Nimeichukua. Kuna tundu la kufungia breki ya mbele kwenye uma, fundi ataweka Jumamosi. Kimkono cha habu nimekitikisa, bolti ilikuwa imelegea kutoka dukani!

Swali limebaki moja. Nimeipeleka ufukweni jioni hii, nimeiegesha kwa stendi, nimegeuka tu nasikia puu. Stendi imezama. Mnafanyaje?

---

Bi_Kapu

Kifuniko cha kopo chini ya stendi, mwanangu. Ukikisahau nyumbani, ilaze ubavu wa kushoto. Mnyororo uko kulia.